Inatafuta Barnaba

Dodoma,
3 Machi 2024

Shangazi Jenista,

Shikamoo.

Swali ninaloshindana nalo tangu siku ya kumaliza matanga ya baba ni hili: mtu aliyedhulumiwa, akiombwa msaada na aliyemdhulumu, je, msaada atakaoutoa unaweza kuwa safi? Nimeligeuza pande zote na sijapata jibu ninaloliamini. Nakuandikia kabla ya kulipata, kwa kuwa barua yako inasema betri hazingoji.

Mimi sijambo. Nafundisha takwimu kama kawaida, na vumbi la huku unalijua. Mama yuko Ikinga, katika nyumba ya marehemu bibi. Mvua imeifanya njia ya kanisani kuwa utelezi na goti la kushoto linamsumbua. Hukuuliza habari zake, lakini nimeona nikupe. Hajakutumia salamu, nami sitamtungia.

Umeandika kwamba rimoti ya runinga pale Mpemba inakula betri kama moto unavyokula majani makavu, kwamba hutaki kumwita fundi, na kwamba mimi niliyeinunua ndiye ninayepaswa kujua dawa. Unalalamika pia kwamba sipokei simu zako. Ni kweli, sipokei. Mambo ya ufundi yanahitaji utulivu wa maandishi. Kuna mambo mengine pia yaliyouhitaji utulivu huo, ila yalisemwa kwa mdomo mbele ya waombolezaji.

Rimoti ile niliinunua baba alipoishiwa nguvu za miguu, ili alale chumbani, mlango ukiwa wazi, na kuendesha runinga ya sebuleni kwa simu yake. Simu huongea na rimoti kwa bluetooth, na rimoti huongea na runinga. Inaweza pia kushikwa mkononi kama rimoti yoyote, na naamini ndivyo unavyoitumia.

Tuanze na yaliyo mepesi. Usichanganye betri mpya na ya zamani, kwa sababu ile dhaifu humnyonya mwenzake. Ukiona ungaunga mweupe kwenye springi, ufute kwa kitambaa kikavu. Vua ile nailoni uliyoivalisha, maana ikibana hukandamiza kitufe mchana kutwa bila wewe kujua. Kisha unijibu jambo moja. Unapoweka betri mpya, runinga huandika maneno mawili kwenye kona ya chini ya kioo. Yanasemaje?

Mwana wa kaka yako,
Tumpale

*

Mpemba,
29 Machi 2024

Mwanangu Tumpale,

Marahaba. Leo ni Ijumaa Kuu, nimetoka ibadani. Barua yako ililetwa na kondakta mpaka dukani kwa Mbonile, na Mbonile akasema bahasha inanukia ofisi. Malori yamepanga foleni kutoka mpakani mpaka huku kwetu, kuvuka barabara ni kazi ya kufunga na kuomba. Gwantwa wa kwaya amejifungua mapacha. Mahindi yangu ya Hasamba yamebeba vizuri, ingawa mwenye shamba hayupo shambani.

Nimefanya yote uliyoagiza. Nailoni nimeivua, sasa rimoti imekaa uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Betri nimenunua mpya zote mbili upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, muuzaji akaniapia kwa mama yake. Hazikufika Jumapili ya pili. Sasa sijui nimlaumu muuzaji, mama yake au wewe.

Kuhusu maneno ya kwenye kioo, macho yangu yamezeeka. Sijaona cha maana. Fundi simwiti, na usiniulize tena. Mafundi wa Tunduma wana mikono miwili na midomo minne.

Umeniandikia goti la mama yako. Nami nina magoti. Usinifundishe huruma, mtoto niliyemfundisha kusoma. Kaka yangu alikata roho mimi niko Hasamba nafukia mbegu, mahali ambapo gari linafika vizuri tu. Sikuitwa. Nimefika nakuta ameshafunikwa, nauliza kwa nini, naambiwa simu iliisha chaji. Hiyo ndiyo hadithi niliyopewa mimi niliyembeba Barnaba mgongoni. Nimesimama mbele ya ubao maisha yangu yote, Tumpale. Sababu za waongo nazijua kwa majina.

Nitumie dawa ya betri. Nimeomba dawa, sikuomba hotuba.

Shangazi yako,
Jenista

*

Dodoma,
5 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa Gwantwa na mapacha wake. Mimi mzima. Mama ameanza kuvuna maharage, na goti ni lile lile.

Umesema macho yako yamezeeka. Siku ya mazishi ulisoma somo la pili bila miwani, tena andiko la herufi ndogo, na hukukwaa hata neno moja. Nilikuwa nimekaa karibu nawe. Nakumbuka pia siku ya kumaliza matanga, uliposimama mbele ya ukoo ukasema, “Aliyekuja na sanduku aondoke na sanduku.” Ni kweli mama alikuja Mpemba na sanduku. Lakini matofali ya nyumba ile aliyafyatua yeye, akayachoma yeye, na hata yale mapindapinda ya upande wa jikoni ni ya mkono wake. Aliondoka asubuhi ile akiwa na sanduku lake na simu ya baba, kwa kuwa simu ilikuwa mfukoni mwake na hakuna aliyefikiri kumpekua.

Nataka ujue wazi ninachokitaka, usije ukadhani ninakuvizia. Nataka mama arudi ndani ya nyumba yake kwa mlango wa mbele, akiwa ameitwa na wewe, na umwite wifi. Katika barua zako zote mbili hujaliandika neno hilo. Baraza la ardhi lingeweza kukulazimisha, ila mama amekataa kukushtaki. Anasema hawezi kumpeleka wifi yake mbele ya watu. Unaona, yeye analitumia.

Kuhusu betri, toa zote mbili, iache rimoti tupu usiku kucha, uzirudishe asubuhi. Kisha soma kioo. Bila jibu siendelei. Mganga hatibu mgonjwa anayeficha ulimi.

Inawezekana nakukosea. Inawezekana kweli huoni. Nimeipima dhana hiyo, nikaiona nyepesi.

Binti wa Elizabeti,
Tumpale

*

Mpemba,
20 Juni 2024

Tumpale mwanangu,

Salamu nyingi. Tumevuna. Ua mzima ni mahindi, na kuku wamenenepa kwa wizi. Mimi si mzima sana, ila natembea.

Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaandika tena nikaichana. Kwanza nikujulishe kwamba betri nimezianika juani kwenye turubai pamoja na mahindi, nikazigeuza mchana kama ninavyogeuza mahindi. Nimeziuma kwa meno, meno yangu haya machache, kama tulivyokuwa tukifanya kwa betri za redio. Zilipata nguvu ya kusikiliza habari za mikoani tu, zikalala.

Sasa sikia. Kioo nakiona. Nimekiona tangu Januari, siku ya kwanza nilipobadilisha betri, nimeketi kwenye kiti cha kaka yangu na sahani yangu ya ugali mapajani. Kiliandika, Inamtafuta Barnaba. Niliiweka sahani chini. Tangu siku ile, kila betri mpya, maneno ni hayo. Inamtafuta. Inamtafuta.

Nilimwita Mwinjilisti Yesaya. Aliweka mkono juu ya TV, akaomba vizuri, akakemea. Aliposema amina tukafumbua macho wote wawili, na maneno yalikuwa pale pale. Akaniambia kwa sauti ndogo, “Mama, kama kuna jambo la kifamilia, litengenezeni kifamilia.” Akaondoka bila kunywa chai, na unamjua Yesaya kwa chai.

Ndiyo maana simwiti fundi. Nitamwambia nini? Kwamba nyumba niliyoichukua inamwita mwenyewe?

Wewe ni msomi. Niambie. Anatafutwa wapi?

Shangazi yako

*

Dodoma,
11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mahindi yameingia ghalani kabla ya wadudu. Huku ni upepo tu. Mama hajambo, anapukuchua maharage.

Barua yako ilinifikia Juni. Niliisoma, nikaikunja, nikalala usingizi mzuri. Niliamka nikitazamia kuona aibu, na aibu ilikuja, lakini ndogo kuliko nilivyotegemea. Ndiyo sababu nimechelewa kukujibu. Nilikuwa naisubiri ikue.

Umeandika “nyumba niliyoichukua”. Sitaongeza neno juu ya hilo.

Runinga haijaandika “Inamtafuta”. Niliipanga mwenyewe kwa Kiswahili ili baba asisumbuke, kwa hiyo maneno yake nayajua moja moja. Inaandika “Inatafuta Barnaba”. Haina “m”. Barnaba ni jina nililoipa simu yake, na rimoti huitafuta simu hiyo kama mtu anavyotafuta ufunguo. Haijui kwamba Barnaba ni mtu wala kwamba amekufa. Hiyo “m” umeisoma wewe mahali isipoandikwa, tena mara nyingi, na wewe peke yako ndiye unayejua umeitoa wapi.

Ndiko betri zako zinakokwenda. Rimoti huita, haijibiwi, huita tena mchana na usiku. Na simu nayo, huko Ikinga chini ya mto wa mama, inaitafuta rimoti. Ni simu ya zamani. Ikichajiwa ikajaa asubuhi, kufikia alasiri imezimika bila kuguswa na mtu. Ilikuwa hivyo hata baba alipokuwa akiitumia kitandani. Naomba usome sentensi hiyo mara mbili, wewe unayezijua sababu za waongo kwa majina.

Dawa ni moja. Simu irudi ndani ya nyumba ile. Na mama hatampa mtu mwingine aibebe.

Tumpale

*

Mpemba,
2 Septemba 2024

Tumpale,

Sina habari za nyumbani za kukupa leo. Wote wazima.

Nimepata fundi. Anaitwa Clever, ni mtu wa Nakonde, hamjui Barnaba, hajui mimi ni nani, na Kiswahili chake kinachechemea. Kwa hiyo hata akiyasema, atayasemea kwao. Aliishika rimoti akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akahesabu kimoyomoyo. Kioo kikauliza, Sahau Barnaba? Chini yake kikaweka Ndiyo na Hapana.

Clever akaniita mama kwa lugha ya kwao, akasema, “Bamayo, weka Ndiyo, imekwisha. Betri itakaa mpaka uisahau.”

Kazi hiyo haikuzidi muda wa kumenya ndizi. Wewe uliandika dawa ni moja. Umeniacha tangu mwezi wa tatu nikiogopa kioo ndani ya nyumba, nikiuma betri kama panya, na ulikuwa unajua. Nilidhani waongo husema mengi. Leo nimejifunza kwamba msomi wetu hudanganya kwa sentensi fupi.

Kidole kilikuwa juu ya Ndiyo. Clever ananitazama, anataka kuwahi kuvuka mpaka. Nikabonyeza Hapana. Akacheka, akasema Watanzania tunapenda kununua betri. Nikamlipa akaenda.

Kesho naondoka kwenda Ikinga. Usimpigie mama yako kumwambia. Siendi kuomba radhi. Naenda kuitazama kwa macho yangu hiyo simu inayokufa bila kuguswa. Nikikuta na hilo umenidanganya, nyumba hii mtaisikia kwa watu.

Jenista

*

Mpemba,
14 Oktoba 2024

Mwanangu Tumpale,

Salamu. Hukujibu barua yangu ya Septemba, nami sikushangaa. Mwongo aliyekamatwa huwa hana karatasi. Joshua wa jirani amenunua bodaboda na tayari imemwangusha. Tunangoja mvua.

Nilifika Ikinga kwa gari la mzigo, mgongo ukilia. Nilimkuta mama yako nyuma ya nyumba anapepeta maharage. Alinawa mikono, akajifuta, akasema, “Karibu wifi,” kama mtu aliyeniona juzi. Alinipa maji. Mimi sikumjibu jina, nikamwambia, naomba kuiona simu. Akaileta. Ilikuwa imejaa, ametoka kuichaji kwa jirani mwenye sola. Nikaiweka juu ya kigoda mbele yangu, nikakaa.

Niliilinda simu ile kama mtu anavyolinda maziwa jikoni. Mama yako aliendelea na maharage yake. Alipika, tukala, mimi nakula jicho likiwa kwenye kigoda. Hakuna aliyeigusa. Hakuna aliyepiga. Ile alama ya chaji ilikuwa inashuka taratibu mbele yangu kama maji kwenye mtungi uliotoboka. Jua halijafika kwenye kilima, ikalia mlio mdogo, ikazima.

Mama yako aliinua ungo wake, akaendelea kupepeta. Angesema hata neno moja ningepata pa kumshika.

Nikasema, “Wifi, iliisha chaji.”

Akasema, “Iliisha, wifi.”

Ni hayo tu tuliyozungumza. Usiku nililala kitanda kimoja naye, kila mtu na ukuta wake. Jumamosi tukashuka wote. Mlango wa mbele niliufungua mimi, nikasimama pembeni apite. Mbonile aliona, Yesaya aliona, kondakta aliona. Nakuandikia hili ili uridhike.

Sasa lililobaki. Tulipofika alichaji simu, akaiwasha. Mimi nikaweka betri mpya kwenye rimoti. Kioo kikafikiri, kisha kikaandika, Imepata Barnaba. Safari hii nimesoma vizuri, haina “m”. Hata hivyo, Tumpale, nilikaa chini sakafuni. Nilimlilia kaka yangu kilio ambacho sikukilia msibani, kwa sababu msibani nilikuwa na hasira, nikafanya hasira ndiyo kilio.

Mama yako alingoja. Nilipofuta uso, akainama akachukua rimoti mkononi mwangu, akabonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja kama aliyezaliwa navyo. Kioo kikauliza, Sahau Barnaba? Nikamshika mkono. Akautoa mkono wangu polepole, akabonyeza Ndiyo.

“Mume ni wangu, wifi,” akasema. “Wa kumsahau ni mimi.”

Akanirudishia rimoti. Akasema, “Haya, washa taarifa ya habari.”

Nilifunga sanduku langu niende Hasamba. Akaniuliza naenda kwa nani. Akaniambia kaa. Basi nakaa, kwenye chumba cha nyuma, na anaanza kunipakulia mimi kabla ya kujipakulia. Kila jioni ananipa rimoti mkononi. Betri hazijaisha hata mara moja. Angenifukuza ningejua pa kuweka uso.

Ni wewe uliyemfundisha? Ndicho mlichokitaka? Kuna jambo moja silielewi. Kila asubuhi anaichaji ile simu mpaka inajaa, kisha anaiweka juu ya kabati. Haiwashi. Kesho yake anaichaji tena.

Shangazi yako,
Jenista

*

Dodoma,
24 Novemba 2024

Shangazi Jenista,

Shikamoo. Pole kwa mgongo, na pole kwa Joshua. Mimi mzima. Juma lijalo ni mwaka tangu baba afariki. Nimeomba ruhusa kazini, nitakuja.

Sikumfundisha. Nilipofunga mitambo ile, mama alikuwa akimlisha baba uji, na sikudhani kwamba alikuwa akitazama vidole vyangu. Ina maana alijua wakati wote, na hakumwambia mtu yeyote, hata mimi. Na mimi niliamini kwamba kisasi kile ni changu.

Uliuliza kama ndicho tulichokitaka. Nilichokitaka mimi nimekipata. Mama yuko ndani ya nyumba yake, ameingia kwa mlango wa mbele, na umemwita wifi. Nilidhani siku hiyo nitashiba. Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara ninapofika pale ulipoketi sakafuni nasoma polepole zaidi. Sijakusamehe. Nimeona niliandike hilo wazi, kwa kuwa adabu zangu za mwaka huu zilikuwa ni njia ya kutokuliandika.

Nilimpigia mama, nikamuuliza kwa nini alibonyeza Ndiyo mbele yako, wakati jina ndiyo kwanza limepatikana. Nikaisikia runinga, nikakusikia ukikohoa. Kisha akasema, “Ilikuwa inamaliza betri, mwanangu.” Akaniuliza kama ninakula vizuri.

Nimejaribu kulihitimisha hili. Mwanzo niliamua kwamba alikulipiza, tena kwa kipimo ambacho mimi na barua zangu zote tusingekifikia. Nikafurahi, na furaha hiyo ikanifanya nilitilie shaka hitimisho langu. Kisha nikaamua kwamba alikuhurumia, alikuondolea lile jina lililokuwa likikutisha. Lakini kama ni huruma, mbona alingoja mpaka baba apatikane? Na kama ni kisasi, mbona anakupakulia kwanza? Swali nililokuandikia mwezi Machi bado lipo mezani kwangu, ila sasa linamhusu yeye. Halitajibiwa, na sababu naijua. Mwenye jibu anakupikia chakula, na nikimuuliza tena nitakuwa ninamtaka aseme lile ninalolipenda mimi.

Kuhusu simu iliyo juu ya kabati, kuna jambo la kiufundi sikukuambia. Ile Ndiyo aliyoibonyeza mama ilifuta upande mmoja tu. Rimoti imeisahau simu, lakini simu haijaisahau rimoti. Siku ikiwashwa, itaanza kuita upya, peke yake, kwenye kioo chake kidogo. Kama mama analijua hilo na ndiyo sababu haiwashi, au kama analijua na ndiyo sababu haiachi bila chaji, mimi sijui. Nawe usimuulize.

Lakini ukiikuta imewashwa, niandikie inasema nini. Ukiongeza “m”, safari hii sitaifuta.

Tumpale